Neno "Kuoa" Lilinikwama Kericho

Mimi ni mtu wa pwani. Baridi niliyoizoea ni ile ya mwezi wa Julai, wakati wa kusi, ambayo mtu huikimbiza kwa kuvaa fulana ndani ya kanzu. Basi mtaniwia radhi nikisema kwamba Kericho iliponipokea mwaka jana ilinipokea kwa mvua ya mawe, nami nikadhani kiama kimefika. Wenyeji hawakushtuka. Mji uko juu kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua hapo hunyesha karibu kila alasiri, kama mtu aliyeajiriwa. Ikiisha, vilima vyote hung'ara kijani, chai imekatwa sawasawa kilima hadi kilima kama kichwa cha kijana aliyetoka kwa kinyozi.

Nilialikwa harusi. Mwalimu mmoja wa Kikipsigis, ambaye sasa amestaafu, alisomesha Mombasa miaka mingi iliyopita, na urafiki wetu haukukatika tangu siku hizo. Alinipigia simu akasema: "Ustadh, kijana anaoa, njoo." Nikaenda.

Jioni ya kwanza mwalimu alinionyesha orodha ya wageni, na hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza. Majina yalikuja jozi jozi. Mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech, wa kike ni Chepkoech. Aliyezaliwa mchana ni Kibet, dada yake Chebet. Aliyezaliwa mbuzi na kondoo wanaporudi nyumbani ni Kiprono, wa kike Cherono. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop au Cherop. Saa ni moja, mlango ni mmoja, herufi za mwanzo tu ndizo zinazokwambia nani ataitwa kaka na nani dada. Mwalimu akaniambia kwamba herufi hizo hazikomei kwa watu. Kip hubeba pia maana ya ukubwa na Chep maana ya udogo. Jambo hili mtaalamu wao, marehemu Taaitta Toweett, alilieleza katika kitabu chake juu ya lugha ya Kikalenjin kilichotoka mwaka 1979. Na Wamasai, jirani zao, wanafanya kama hayo: kisu kikubwa cha vita ni ol-alem, cha kiume, kisu kidogo cha nyumbani ni enkalem, cha kike.

Nilicheka, nikamwambia mwalimu: "Kumbe nyinyi mmesoma nahau ya Kiarabu." Kwani chuoni kwetu, mwalimu wetu alitutia fimbo mpaka tukajua kwamba jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, kwamba moto ni wa kike, nafsi ni ya kike, jicho na mkono ni vya kike, na ardhi nayo ni ya kike. Mtoto wa Kiswahili asikiapo hayo hushangaa, maana kwao nyumbani jua ni jua tu, na mwezi ni mwezi.

Lakini kila kanuni ina mwasi wake. Nikamwuliza mwalimu: "Mbona huyu Cheruiyot hapa ni mwanamume?" Akasema ndivyo, na Chepkwony pia ni mwanamume, hata gavana wa kwanza wa kaunti ya Kericho, aliyeshika kazi kuanzia 2013 hadi 2022, ni Profesa Paul Kiprono Chepkwony, mtu aliyebeba Kip na Chep kwa pamoja na asitikisike. Nami nikamtajia wetu. Neno khalifa mwishoni lina ile taa ya kike, na hakuna aliyewahi kumwita khalifa mwanamke. Hamza, ami yake Mtume, na Twalha, sahaba, majina yao yana alama hiyo hiyo. Na Zainab na Maryam, wanawake watukufu, hawana alama hata kidogo. Tukakubaliana kwamba jina ni vazi, wala si mwili.

Lugha yetu na yao zimekutana mahali pamoja: hazina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Mwarabu lazima aseme huwa au hiya. Mwingereza naye ana yake. Sisi tunasema "amekuja", na mlango unafunguliwa kabla hatujajua ni bwana au ni bibi. Washairi wetu wamekula sana kwa neema hii. Mtu hutunga mapenzi beti ishirini, na msomaji asijue kama ua linalosifiwa ni Fatuma au ni Athumani, na anayetaka kuyafasiri kwa Kiingereza huvunjika kalamu. Neno "mwana" ni mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. Na neno hilo hilo ni cheo cha bibi mkubwa, kama Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi wa wasia. Nimewahi kujigamba barazani kwamba Kiswahili hakina ubaguzi wa kike na kiume.

Barazani mtu husema mengi. Ukitazama vizuri utaona tumeficha tu. Mkono wa kulia wazee waliuita mkono wa kuume, na wa kushoto ukaitwa mkono wa kuke, na sote tunajua ni upi unaokula na ni upi unaotumwa kazi nyingine. Tena tunacho kitenzi kimoja ambacho hakikubali mzaha: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Jaribu kumwambia mama yako kwamba jirani Mwanaisha amemwoa Bakari. Atakusahihisha kabla hujamaliza, au atauliza Bakari amefanya nini hata akapatwa na hayo.

Siku ya pili baada ya harusi mwalimu akasema anataka kunipeleka kwa bibi mmoja wa ukoo wao. Tulipanda matatu hadi Litein, na kutoka hapo tukachukua bodaboda mbili, tukaingia upande wa Konoin, ambao ni kaunti ya Bomet. Njia nzima wachumaji wamesimama kiunoni ndani ya chai, kapu mgongoni, wanachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono inakwenda upesi kuliko maneno. Huko si mashamba ya makampuni yaliyopandwa tangu miaka ya 1920. Ni vishamba vya wenyeji, ekari moja, ekari mbili, ambavyo majani yake hupimwa kituoni na kupelekwa viwandani chini ya shirika la KTDA. Kila mkulima ana namba yake. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka huja kwa namba hiyo, kwa hiyo jina lililoandikwa kando ya namba si jambo dogo.

"Chamgei," nikasema, kama nilivyofundishwa. Bibi akajibu kwa furaha. Nadhani alikuwa na miaka themanini hivi, mwembamba, masikio yametobolewa yakaning'inia kwa mtindo wa zamani. Alikuwa hajui Kiswahili sana. Aliyetukaribisha hasa ni mama wa makamo aliyewahi kuchuma chai katika mashamba makubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa Mombasa siku hizi. Akatuwekea chai ya maziwa, nzito, hali mimi koo langu limezoea sturungi. Nikamwuliza, kwa adabu ya kuanzisha maneno: "Mama, wewe ni binti wa nyumba hii?"

"Hapana. Mimi nimeolewa hapa."

"Alhamdulillahi. Na mzee yuko wapi, tumsalimu?"

Akamwonyesha yule bibi kwa kidevu. "Ndiye huyo aliyenioa."

Hapo neno likanikwama. Mwalimu alikuwa anatazama nje kama mtu asiyesikia, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Wasomaji wangu ni Waislamu wengi wao, na najua mioyo inavyoruka, hivyo nieleze upesi. Hapa hapana mambo ya kitandani. Wakipsigis, Wanandi na jamaa zao wengine wana mila ya zamani waiitayo kitunchi toloch. Katika mila yao mume akiwa na wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake, na mali ya nyumba hiyo, yaani ng'ombe na shamba, hurithiwa na wana wa kiume wa nyumba hiyo. Mke asipojaaliwa mtoto wa kiume, nyumba yake huhesabiwa kuwa itazimika, na mali itahamia kwa wana wa mke mwenzake au wa shemeji zake. Ili isizimike, mwanamke huyo huchukua ng'ombe wake mwenyewe, akatoa mahari, akaoa msichana. Msichana huzaa na mwanamume atakayekubaliwa, na watoto si wa mwanamume huyo; ni wa nyumba, nao huitwa kwa jina la mume wa yule bibi hata kama alikufa kabla hawajazaliwa. Bibi mwenyewe hatarajiwi tena kuzaa wala kuwa na mwanamume.

Hii si nikahi, na sheria yetu haiijui. Nami sikwenda Konoin kuhalalisha wala kuharamisha. Nimekwenda harusini.

Kwa hivyo, huyu bibi ni mwanamume au mwanamke? Swali hilo Mmarekani mmoja, Regina Smith Oboler, aliyekaa na Wanandi, alilifanya kichwa cha makala yake mwaka 1980. Alichokiona yeye ni kwamba watu husema bibi aliyeoa ni mwanamume, na husema hivyo kwa nguvu zaidi pale panapohusu mali na mrithi. Katika kazi na maisha ya kila siku mambo hulegea. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu pale pale uani. Wajukuu, maana watoto wa yule mama nao wameshazaa, walikuwa wanamwita "kogo", yaani nyanya. Hakuna aliyemwita baba. Bibi alikuwa anapepeta wimbi kama mwanamke yeyote. Lakini mazungumzo yalipofika kwenye mpaka wa shamba, aliweka ungo chini, akasimama, akanena kwa sauti nyingine kabisa, na mwalimu, ambaye ni mzee mwenye heshima zake, akanyamaza amsikilize kama anavyomsikiliza mkubwa wake.

Habari ya mpaka ni hii. Mume wa bibi aliacha ekari tatu hivi, sehemu kubwa chai. Wana wa shemeji yake wanasema kwamba huyu mama si mke, ni mtumishi aliyeletwa kuchuma chai. Na bibi akifumba macho, yeye na watoto wake warudi walikotoka. Mama aliyasema hayo bila kulia, huku akiosha vikombe. Alikuja hapa akiwa binti wa miaka kumi na tisa, ana mtoto mmoja aliyezaliwa nyumbani kwao, na kwao walikuwa maskini. Mvulana wa kumwoa hakuwa rahisi kupatikana. Nikamwuliza kama alipenda. Akafikiri. "Nilipewa nyumba," akasema. "Wenzangu walipewa mume, na wengine mume akawatoa nyumbani." Alipoona nimenyamaza akaongeza kwamba miaka ya mwanzo alifanyishwa kazi kama punda, na bibi hakuwa na huruma. Nalitaja hilo ili asije mtu akadhani nimeleta hadithi ya peponi. Makanisa ya huko yanaipinga ndoa hii, na wasichana wa leo, waliosoma, wengi hawaitaki.

Serikali nayo ina maneno yake. Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitaja ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Lakini Katiba hiyo hiyo inatambua utamaduni wa watu. Na hapa pwani kwetu, wasomaji, Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahi kuketi juu ya jambo hili mwaka 2011. Mjane wa Kinandi alikuwa amemwoa mwanamke kwa mila, akafariki, pakawa na ubishi wa nani asimamie mirathi. Jaji J. B. Ojwang akaamua kwamba ndoa ile ya mila ilikuwa ndoa, na mke ni mke, na mirathi ni haki yake. Nilikuwa Mombasa mwaka huo. Nilipita mbele ya jengo lile la mahakama sijui mara ngapi nikienda zangu sokoni, na sikujua kwamba ndani yake kitenzi cha lugha yetu kilikuwa kinapimwa.

Maana jambo lenyewe ni hilo. Anayeoa ni mwenye kubaki na anayeolewa ni mwenye kuondoka, na ardhi hufuata anayebaki. Huko Uasin Gishu kulikuwa na kesi ya familia moja ya akina Rono, wake wawili, mmoja ana wana wa kiume na mwingine mabinti watupu. Mahakama ya chini ilipogawa shamba iliwapunguzia mabinti, na moja ya hoja ni kwamba wao wanaweza kuolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikasema binti ni mtoto kama mwana. Na Bomet yenyewe, marehemu Joyce Cherono Laboso alipogombea, wapinzani walimwambia kwamba ameolewa na Mjaluo, basi aende akaombe kura kwa mumewe. Wapiga kura hawakuwasikiliza. Mwaka 2017 walimfanya gavana, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza nchini kushika kiti hicho, akakitumikia hadi alipofariki Julai 2019. Neno "gavana" halina kike wala kiume, lakini neno "ameolewa" lilimfuata mpaka kwenye sanduku la kura.

Nilimweleza bibi, kwa ulimi wa mwalimu, kwamba kwetu Waislamu nyumba haizimiki kwa kukosa mtoto wa kiume. Binti wa pekee ana nusu ya mali, wakiwa wawili au zaidi wana thuluthi mbili, na mjane ana fungu lake, na mafungu haya hayakuwekwa na wanadamu. Nilisema kwa fahari. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja, na mwalimu akasita kidogo kabla ya kulifasiri: "Anauliza, dada zako wanachuma wapi?"

Ninaye dada mmoja. Baba yetu aliacha shamba la minazi, si kubwa, na tulikuwa ndugu wanne, watatu wanaume. Siku ya kugawa, kaka mkubwa alisema dada ana kwake, ameolewa, ana mume wa kumtazama, tusimsumbue na habari za minazi. Mimi nilikuwa kijana niliyehitimu chuoni, aya za mirathi nazijua kwa moyo, fungu lake nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikanyamaza. Dada naye akanyamaza, kwani mwanamke anayedai kwa kaka zake husemwa vibaya mjini. Mumewe alimwacha miaka sita baadaye. Nazi za shamba lile nimezila mpaka leo.

"Mwambie ameolewa," nikamjibu mwalimu.

Alifasiri. Bibi hakusema neno. Akachukua ungo wake.

Tulipotaka kuaga, yule mama akaingia ndani akatoka na daftari la shule lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Lilikuwa limelowa zamani, kurasa zimegandana. Humo iliandikwa mahari: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, mashahidi kina nani, wengi wao sasa wamekufa. Wino umekuwa kama moshi. Akaniambia: "Mwalimu anasema wewe ni mwandishi. Chifu anataka karatasi inayosomeka."

Nikakaa tena. Walinipa kalamu na karatasi safi, mwalimu akawa anasoma kwenye daftari na kumwuliza bibi pale pasipoonekana, nami naandika. Bibi akataka karatasi iseme kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa kinywa cha mtu mwingine. Nikaandika jina lake, na la marehemu mumewe, na la kijiji. Nikafika kwenye kitenzi. Nikajaribu "nimemchukua", mwalimu akatikisa kichwa. Nikajaribu "nimemleta nyumbani awe mtoto wangu", yule mama akasema hapana, mtoto atatolewa. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga bati na bodaboda wetu wanapiga honi.

Nikaandika: nimemwoa.

Bibi akataka asomewe mara mbili. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino wa kalamu yangu iliyovuja, akakikandamiza chini ya neno hilo, akapuliza likauke.